Je, Wajua? Lenzi Iliyozaliwa Vitani
Mzee wa Uvira aliyezibwa nuru na mtoto wa jicho, hata asiutambue ukingo wa Ziwa Tanganyika, huweza kurudishiwa basari yake kwa lenzi ambayo asili yake ni vita: tabibu Harold Ridley wa London, alipobaini kwamba vipande vya plastiki ya ndege vilivyokwama machoni mwa marubani wa vita aghalabu havikuleta uvimbe, alimpandikizia mgonjwa lenzi ya plastiki ya jinsi hiyo mwaka 1949, ijapokuwa matabibu wenzake wengi walimpinga vikali. La kufurahisha zaidi kwetu Waafrika ni kwamba mwaka 1994 kiwanda cha lenzi hizo kilifunguliwa Asmara, Eritrea, kwa jitihada iliyoasisiwa na marehemu tabibu Fred Hollows wa Australia, ili maskini naye azipate kwa bei nafuu.