Leseni ya usafirishaji wa taka

Leseni ya usafirishaji wa taka ni kibali kinachotolewa na mamlaka ya serikali kwa mtu, kikundi au kampuni inayochukua taka za watu wengine mahali zinapozalishwa na kuzipeleka mahali pa kuzirejeleza, kuzichoma au kuzitupa. Katika nchi nyingi kufanya biashara hiyo bila leseni ni kosa la jinai.

Leseni hii ni tofauti na leseni ya udereva, na pia ni tofauti na leseni ya kawaida ya biashara. Haitazami tu ni nani anayeendesha gari na kama ada imelipwa. Inauliza pia mzigo umetoka wapi, ni wa aina gani na utaishia wapi. Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, na ndilo linaloleta matatizo mengi zaidi katika utekelezaji.

Sababu za kuwepo kwa leseni

Mtu anayesafirisha mahindi kutoka Kitale hadi Mombasa ana mteja anayemsubiri mwisho wa safari. Gunia likipungua, mteja huyo atalalamika siku ileile. Taka hazina mtu anayezisubiri. Mwenye kuzizalisha hulipa ili ziondoke machoni pake, na zikishaondoka kwa kawaida haulizi tena habari zake. Msafirishaji kwa upande wake huwa amekubaliana malipo yake kabla ya lori kuondoka. Kuanzia hapo kila kilomita ni gharama kwake: mafuta, muda wa dereva, na ada ya kuingia dampo. Akimwaga mzigo kwenye korongo la karibu usiku, gharama hizo zote anaziokoa.

Kwa hiyo hii ni biashara ambayo, ikiachwa yenyewe, humpa faida zaidi anayeifanya vibaya, naye anaweza kutoza bei ndogo kuliko mwenzake anayefuata utaratibu. Sheria za leseni zimetungwa ili serikali isimame mahali ambapo katika biashara nyingine angesimama mpokeaji wa mzigo.

Mfano wa Kenya

Nchini Kenya msingi wa leseni hii ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, inayojulikana kwa kifupisho EMCA. Kifungu cha 87 kinasema kwamba mtu haruhusiwi kusafirisha taka isipokuwa kwa leseni iliyotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), na tena isipokuwa kuzipeleka kwenye mahali pa kutupia taka palipoanzishwa kwa leseni. Masharti hayo mawili yanakwenda pamoja. Msafirishaji mwenye leseni halali anayemwaga mzigo mahali pasipo na leseni amevunja sheria sawasawa na yule asiye na leseni kabisa. Adhabu iliyotajwa katika kifungu hicho ni kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini isiyozidi shilingi milioni moja, au vyote viwili.

Utaratibu wenyewe ulifafanuliwa katika Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006. Mwombaji hujaza fomu maalumu na kulipa ada, na leseni hutolewa kwa mwaka mmoja, kisha huhuishwa. Kanuni hizo zilitaka ukusanyaji na usafirishaji ufanywe bila taka kutawanyika, kupeperuka wala kuvuja, na magari yawe katika hali ya kuzuia hayo pamoja na harufu mbaya. Kwa maneno ya barabarani, lori liwe na bodi nzima na mzigo ufunikwe, na gari la majimaji lisiache alama ya matone nyuma yake. Gari lilipaswa pia kufuata njia iliyoidhinishwa na mamlaka, kutoka mahali pa kuchukulia mzigo hadi mahali pa kuushusha.

Sharti la njia huwashangaza wengi, kwa kuwa lori la mchanga au la saruji hupita popote barabara inaporuhusu. Faida yake ni rahisi kuielewa: lori la taka likikutwa kilomita 20 nje ya njia yake, afisa hana haja ya kulikuta likimwaga mzigo ndipo aanze kuuliza maswali.

Kanuni hizo hazikumwacha nje mzalishaji wa taka. Zilimpa wajibu wa kuhakikisha kwamba taka zake anakabidhiwa mtu mwenye leseni ya kuzisafirisha na kuzitupa mahali palipotengwa. Kwa hiyo kiwanda, hoteli au shule ya bweni haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba ilishalipa na kwamba yaliyotokea baadaye ni ya mwenye lori.

Pamoja na NEMA zipo serikali za kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kuondoa takataka, kusimamia majaa na kutupa taka ngumu. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara wa taka ana milango miwili ya kubisha: wa taifa kwa ajili ya leseni ya mazingira, na wa kaunti anakofanyia kazi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliongeza wajibu wa kutenganisha taka zinapozalishwa, yaani zinazooza na zisizooza zisikae pamoja. Jambo hilo linamgusa msafirishaji moja kwa moja, maana taka zilizotenganishwa nyumbani kisha zikachanganywa ndani ya lori moja ni kazi bure.

Hati ya ufuatiliaji

Leseni huonyesha kwamba msafirishaji anaruhusiwa kufanya kazi. Haionyeshi alichofanya Jumanne iliyopita. Pengo hilo huzibwa na hati ya ufuatiliaji wa taka, ambayo chini ya kanuni za 2006 msafirishaji alitakiwa kuwa nayo wakati wote wa safari, ikiwa imejazwa, na kuionyesha kwa afisa wa sheria akiitaka.

Hati ya namna hii hupitia mikono ya watu watatu. Mzalishaji huandika aina na kiasi cha taka. Msafirishaji huandika gari na kutia sahihi kwamba amepokea. Mwenye dampo, tanuri au kiwanda cha urejelezaji hutia sahihi kwamba mzigo umefika. Tuseme gereji kubwa imetoa lita 4,000 za oili chafu, na kiwanda kinachoisafisha kimetia sahihi kupokea lita 3,100. Lita 900 zimepotea njiani, na karatasi yenyewe inaonyesha ni mikononi mwa nani. Kama sahihi ya tatu haipo kabisa, mzigo mzima haujulikani ulipo. Bila hati hii, leseni inabaki kuwa karatasi ya kutundika ukutani.

Taka zinazotaka uangalifu zaidi

Leseni ya kubeba taka za majumbani haimruhusu mtu kubeba kila kitu. Taka za viwandani zenye kemikali, betri zilizokwisha, viuatilifu vilivyopitwa na wakati na taka za hospitali zina masharti yake, kwa kuwa ajali moja tu ya njiani inaweza kudhuru watu wasiohusika. Taka zenye mnururisho ziko chini ya chombo kingine. Nchini Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Taka za hospitali zinafaa kutazamwa kidogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban asilimia 85 ya taka zinazotoka katika huduma za afya ni za kawaida, kama karatasi na mabaki ya chakula, na asilimia 15 tu ndizo hatari: sindano, damu, viungo, dawa. Lakini sindano zikitupwa ndani ya mfuko wa mabaki ya chakula, mfuko wote unahesabiwa kuwa hatari na unahitaji gari na leseni ya gharama kubwa zaidi. Hospitali isiyotenganisha hulipia kilo mia moja badala ya kilo kumi na tano, na hapo ndipo kishawishi cha kumwita mwenye pikapu wa bei nafuu kinapoingia.

Tukio la Abidjan, 2006

Mfano unaotajwa mara nyingi kuhusu leseni iliyotolewa bila uchunguzi ni wa Abidjan, nchini Cote d'Ivoire. Meli iitwayo Probo Koala, iliyokodiwa na kampuni ya biashara ya mafuta Trafigura, ilikuwa na mabaki yaliyotokana na kusafisha mafuta ghafi ya naftha kwa magadi makali. Mwezi Julai 2006 meli hiyo ilijaribu kushusha mabaki hayo Amsterdam. Harufu ilikuwa kali, kampuni ya kuyapokea ikapandisha bei sana, na mabaki yakarudishwa melini.

Tarehe 19 Agosti 2006 meli ilifika Abidjan. Kazi ilipewa kampuni ya hapo iliyoitwa Compagnie Tommy, ambayo ilikuwa imepata leseni yake wiki chache tu kabla na haikuwa na mtambo wa kuyasafisha mabaki hayo. Bei yake ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyotakiwa Amsterdam. Mabaki ya mita za ujazo 528 yalipakiwa kwenye maboza na kumwagwa usiku katika dampo la Akouédo na sehemu nyingine za jiji, karibu na makazi ya watu.

Kwa mujibu wa mamlaka za nchi hiyo, watu wasiopungua 15 walikufa, na zaidi ya 100,000 walitafuta matibabu. Trafigura imekana kwamba mabaki hayo yangeweza kusababisha vifo, lakini mwaka 2007 ilifikia makubaliano ya malipo na serikali ya Cote d'Ivoire. Mkuu wa Compagnie Tommy alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2008. Tarehe 5 Septemba 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba serikali ya Cote d'Ivoire ilikiuka haki za wananchi wake, zikiwemo haki ya kuishi na haki ya afya.

Kinachostahili kuangaliwa hapa ni kwamba leseni ilikuwepo. Maboza hayakuwa ya wahalifu waliojificha. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kutia sahihi, kampuni hiyo ingeupeleka mzigo wa namna hiyo wapi.

Uingereza

Uingereza inaonyesha udhaifu wa namna nyingine. Sheria ya mwaka 1989 iliwataka wasafirishaji wa taka wajisajili, na sheria ya mazingira ya mwaka 1990 ikaweka wajibu wa uangalifu kwa kila anayeshika taka. Siku hizi wasafirishaji wa England wamegawanywa katika madaraja mawili. Daraja la juu ni la wanaobeba taka za wengine kwa malipo, pamoja na wanaobeba taka za ujenzi. Usajili wao ni wa miaka mitatu. Daraja la chini ni la hatari ndogo, kama vile mashirika ya hisani. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwenye intaneti, na mwenye nyumba anayemkabidhi taka mtu asiyesajiliwa anaweza kutozwa faini zikikutwa zimetupwa ovyo.

Hata hivyo kujisajili kulikuwa rahisi kupita kiasi. Mshauri mmoja wa masuala ya taka, akitaka kuonyesha hilo, alimsajili mbwa wake aliyekwisha kufa, na mfumo ukamkubali bila swali.

Taka zinapovuka mipaka

Leseni ya nchi moja haina nguvu ng'ambo ya mpaka. Kwa taka hatari utaratibu umewekwa na Mkataba wa Basel, uliopitishwa mwaka 1989 na kuanza kutumika mwaka 1992: nchi inayopeleka lazima iijulishe kwanza nchi inayopokea na kupata ridhaa yake kwa maandishi. Nchi za Afrika ziliona hilo halitoshi. Mwaka 1988 mapipa ya taka zenye sumu kutoka Italia yalikuwa yamegunduliwa katika mji wa Koko, Nigeria, kwenye kiwanja cha mwananchi mmoja. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ulioanza kutumika mwaka 1998, ulipiga marufuku kabisa kuingiza taka hatari barani. Tanzania ni mwanachama wake.

Dampo lenyewe na wenye mikokoteni

Utaratibu wote wa leseni unadhani kwamba mwisho wa safari pana mahali panapofaa. Dhana hiyo mara nyingi si kweli. Dampo la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975, limeendelea kupokea taka za Nairobi miaka mingi baada ya kuhesabiwa kuwa limejaa. Karibu na Kampala dampo la Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Katika hali hiyo msafirishaji anaweza kutimiza kila sharti la karatasi na bado mzigo wake ukaishia mahali pa hatari.

Upande wa pili ni wa wale ambao leseni hazikuandikwa kwa ajili yao. Katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam taka hutolewa majumbani na vijana wenye mikokoteni, mara nyingi wakiwa katika vikundi, kwa malipo kidogo kutoka kila nyumba. Hufika kwenye vichochoro ambavyo lori haliingii. Masharti ya bodi iliyofunikwa, njia iliyoidhinishwa na ada ya kila mwaka yalitungwa kwa kufikiria magari, na mkokoteni hauwezi kwenda kilomita 15 hadi dampo. Mahali palipo na kituo cha kukusanyia taka karibu na mtaa, mkokoteni huishia hapo na lori lenye leseni huendelea na safari. Mahali pasipo na kituo, mzigo huishia mtoni au pembeni mwa reli. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kupokea na kuchambua taka, na idadi ya mitaa iliyo karibu na kituo cha namna hiyo bado ni ndogo.