Mwajiriwa na Elimu ya Kompyuta: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza nilieleza namna somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard, analofundisha Profesa David J. Malan, lilivyofunguliwa kwa umma kwa njia ya intaneti mwaka 2012, bila ada kwa yule atakaye maarifa asitake cheti cha kulipia. Leo nakusudia kutazama jambo zito zaidi, nalo ni hili: mtu mwenye ajira, arudiye nyumbani magharibi hali mwili umechoka na fikira zimetawanyika, atalisoma vipi somo ambalo hata vijana wasio na shughuli nyingine huliona gumu?

Aghalabu watu hudhani kwamba kinachomwangusha ni uchache wa saa. Saa ni chache kweli, lakini naona dhara kubwa zaidi hutokana na kukatwakatwa kwa saa hizo. Mhasibu aweza kuliacha daftari lake katikati ya ukurasa, kesho akaendelea palepale, madhali hesabu zimekaa karatasini. Ama mwenye kuandika programu, sehemu kubwa ya kazi yake imo kichwani.

Chukua zoezi la juma la nne, liitwalo Recover. Mwanafunzi hupewa nakala ya kadi ya kamera ambayo picha zake zimefutwa, akatakiwa aandike, kwa lugha ya C, programu ya kuzirejesha. Kadi husomwa kwa mafungu ya baiti 512, na kila fungu hutazamwa kama linaanza na 0xff, 0xd8 na 0xff, ambazo ni alama ya mwanzo wa picha ya JPEG, na baiti ya nne nayo ina sharti lake. Alama ikionekana, faili iliyo wazi hufungwa na mpya hufunguliwa; isipoonekana, fungu huongezwa kwenye picha inayoendelea. Kuyasimulia haya ni rahisi. Lakini mwanafunzi sharti akumbuke kwa pamoja faili ipi iko wazi, picha ifuatayo itaitwaje, na yale mafungu ya mwanzo wa kadi, yasiyo picha, yafanywe nini. Kwani akijaribu kuyaandika katika faili ambayo bado haijafunguliwa, programu huanguka kwa ujumbe mfupi usiotaja hata mstari wenye kosa. Simu ya mkubwa wa kazi ikiingia hapo, silsila yote ya fikira hukatika.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mihadhara, ambayo mingine hufikia saa mbili na zaidi, ipakuliwe kwa bando la usiku na kutazamwa jioni, ilhali mazoezi yatengewe alfajiri, baada ya sala na kabla ya kuwahi daladala, wakati ambapo hakuna anayemwita mtu. Na kabla ya kufunga kompyuta, aandike ndani ya programu yenyewe, kwa mstari uanzao na mikwaju miwili, ambao kompyuta huuruka, alipofikia na alichotaka kujaribu.

Kuhusu kunakili majibu ya wengine sina maneno mengi: kanuni za somo zinakataza, na anayefanya hivyo hufika juma la tano mikono mitupu.

Katika sehemu ijayo, inshallah, tutalitazama zoezi la juma hilo la tano, Speller, ambamo kamusi ya maneno 143,091 hupangwa katika kumbukumbu ya kompyuta.