TAARIFA KWA WENYE MAGARI: FUNGUO ZA KIELEKTRONIKI

Wenye magari na madereva wa Serikali wanakumbushwa kuwa ufunguo wa kielektroniki unaouzwa kwa magari ya aina nyingi haufai kwa kila gari. Kabla ya kuununua, ni lazima masafa ya redio na chipu yake vilingane na vya gari: magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia megahezi 315 hivi, na ya Ulaya megahezi 433.

Ufunguo uliopotea huendelea kufungua gari hadi ufutwe katika kumbukumbu ya gari. Hivyo, fundi atakiwe kuufuta mbele ya mwenye gari.

Aidha, betri yake ndogo iwekwe mbali na watoto, kwani ikimezwa huunguza koo na huweza kuua.