Shamba Lililopotea: Nafsineni na Fasihi Simulizi katika Ushairi wa Erik Axel Karlfeldt

Erik Axel Karlfeldt (1864–1931) hutambulika katika historia ya fasihi ya Uswidi kuwa mshairi wa Dalarna, jimbo la wakulima na wachimba madini. Utambulisho huo ni sahihi lakini hautoshi, kwani humfanya msomaji adhani kuwa mashairi yake ni sauti ya mkulima aliyebaki shambani. Makala haya yanabainisha kwamba maisha ya kijijini katika ushairi huo yanatazamwa na mtu aliyekwisha kuyapoteza.

Karlfeldt alizaliwa Karlbo, katika parokia ya Folkärna, akiitwa Erik Axel Eriksson. Mwaka 1885, mwaka uleule alioanza masomo katika Chuo Kikuu cha Uppsala, baba yake alitiwa hatiani kwa kughushi, na shamba la familia likapotea. Mwaka 1889 alijipa jina la Karlfeldt. Jina hilo lilimtenga na aibu ya baba, lakini mwanzo wake ni uleule wa Karlbo.

Hali hiyo inasaidia kumwelewa Fridolin, nafsineni wa diwani za mwaka 1898 na 1901. Fridolin ni mtoto wa wakulima aliyehitimu chuo kikuu kisha akarejea kulima. Huzungumza na wanakijiji kwa lugha yao na wasomi kwa Kilatini. Mtunzi mwenyewe hakurejea. Aliishi Stockholm, akaingia katika Akademia ya Uswidi mwaka 1904 na baadaye akawa katibu wake wa kudumu. Fridolin, basi, anatimiza katika ushairi marejeo ambayo mtunzi hakuyatimiza maishani. Wawili hao wasichukuliwe kuwa mtu mmoja.

Diwani ya mwaka 1901 ina pia mashairi yaliyojengwa juu ya michoro ya jadi ya Dalarna. Wachoraji wa vijijini wa karne ya 18 na ya 19 walipamba kuta za nyumba kwa visa vya Biblia, wakiwavika manabii na wafalme mavazi ya zama na mazingira yao. Karlfeldt aliihamishia mbinu hiyo katika vina na mizani: Eliya anapaa mbinguni akipitia mandhari ya Dalarna, na Bikira Maria anaonekana kama msichana wa Sjugareby. Ucheshi wa mashairi hayo haukejeli imani ya wanakijiji. Unaonyesha jinsi walivyoyafanya maandiko kuwa mali yao.

Kwa hiyo, mtafiti anayeyasoma mashairi haya kama kumbukumbu za mila tu hupotoka. Karlfeldt hakunukuu fasihi simulizi jinsi ilivyo, bali aliisuka upya kwa arudhi kali, maneno ya kale na msamiati wa lahaja. Ufundi huo ni miongoni mwa sababu zinazofanya tafsiri za kazi zake kuwa ngumu, na asomwe kwa nadra nje ya Skandinavia, ingawa alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1931, baada ya kifo chake.