Kioo cha Bei Rahisi Si Lazima Kiwe Kimetupwa

Duka la vifaa vya ujenzi likishusha bei ya kioo cha dirisha pale Nawoitorong, Lodwar, hawakosi wanaosema kuna nchi inatutupia mali, yaani inatuuzia kwa bei ya chini kuliko ya kwao. Huenda wanasema kweli. Lakini bei ya Lodwar haiwezi kuthibitisha wala kukanusha hilo.

Kioo kinachofika Turkana kimebeba nauli ya meli, ushuru wa Mombasa na gharama za lori lililopitia Kitale. Wachunguzi wa mashauri ya kutupa mali huziondoa zote. Wanacholinganisha ni bei mbili za langoni mwa kiwanda: anayouziwa mnunuzi wa nchi hiyo, na anayouziwa mnunuzi wa nje. Tuseme kioo kinauzwa kwao kwa shilingi 1,000, nasi tunauziwa kwa 800. Tofauti ni 200, yaani asilimia 25 ya bei ya kuuzia nje. Ikiwa chini ya asilimia 2, kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinataka shauri lifungwe.

Hata ikizidi hapo, kazi haijaisha. Lazima ionekane kwamba viwanda vya nchi inayoagiza vimeumia, na kwamba vimeumizwa na mali hiyo. Kiwanda kilichodorora kwa sababu ya mitambo chakavu hakiwezi kumsingizia mgeni. Uchunguzi hupewa mwaka mmoja, au miezi 18 ukikawia sana, na ushuru unaowekwa kutokana nao hukoma baada ya miaka 5 usipopitiwa upya.

Hiyo ndiyo njia iliyofuatwa na Umoja wa Ulaya ulipochunguza, mwaka 2013, kioo cha paneli za sola kutoka China, ukakitoza ushuru rasmi mwaka uliofuata. Kioo cha namna hiyo ndicho kinachofunika paneli zinazowasha taa Kakuma.

Kenya nayo ilitunga sheria mwaka 2017 ya kuunda wakala wa kuchunguza mashauri kama hayo. Hata hivyo, Machi 2020 ilitumia kodi badala ya uchunguzi: chupa za kioo zinazoagizwa kutoka nje ziliwekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, isipokuwa chupa za dawa. Viwanda vya chupa vya hapa nchini, kama kile cha Milly Glass cha Mombasa, vilipata kinga. Lakini ushuru wa aina hiyo hauulizi nani ametupa mali na nani ameuza kwa haki. Aliyetupa na asiyetupa hulipa sawa, wala hauna tarehe ya kukoma.

Uchunguzi una faida nyingine. Wanaolalamika ni wazalishaji, lakini kanuni zinawataka wachunguzi wawape nafasi viwanda vinavyotumia bidhaa hiyo, na vyama vya walaji pale inapouzwa rejareja. Anayejenga Lodwar tayari analipia safari ndefu kuliko wa Nairobi, na ushuru wowote utaingia juu ya gharama hizo. Shauri la kioo likifunguliwa, hesabu ya mjenzi huyo inapaswa kuwa mezani pamoja na ya mwenye kiwanda.