Baka Lisilouma
Ukoma bado upo Unguja na Pemba, na tiba yake ipo. Huanza na baka lililopauka au jekundu, ukiligusa huhisi kitu. Kwa kuwa haliumi, watu huliacha miaka hadi vidole vipinde. Hapo dawa huua vijidudu, lakini vidole havirudi. Basi mhudumu wa afya ya jamii akibisha hodi, mfungulieni. Mwanamke amuoneshe mhudumu wa kike. Kufunua panapohitajika kwa ajili ya tiba kunaruhusiwa. Dawa ni bure, miezi 6 au 12, na mgonjwa akishaanza, haichukui muda huwa haambukizi tena.

Wanaoshika Hadithi ya kumkimbia mwenye ukoma wasome na ya ujumbe wa Thaqif katika Sahih Muslim: Mtume (s.a.w.) alimwambia arudi, na baia yake akaikubali.