Kantri ya Bure Ndiyo Ghali

Kama malipo ya kahawa hayajaingia na bado unataka muziki mpya wa kantri mwezi huu, jibu langu ni fupi. Mwenye simu janja alipie programu ya muziki, apakue albamu mbili tatu fupi akiwa Mbinga mjini, kabla hajateremka kando ya Ziwa Nyasa. Mwenye kitochi au redio ya memori kadi hana budi kupita kwenye kibanda cha kujazia nyimbo, ila aende na orodha mkononi. Kusikiliza "bure" mtandaoni kila jioni, ambako wengi wetu tumezoea, ndiko kunakokula pesa kuliko njia zote.

Tupige hesabu. Wimbo wenye sauti safi hula kama MB 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 44 ni MB 106 hivi. Takwimu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, za miaka ya karibuni zimeonyesha wastani wa shilingi 2 na senti kwa MB moja ndani ya bando, na zaidi ya shilingi 9 nje ya bando. Kwa hiyo albamu hiyo ukiipakua mara moja ndani ya bando ni kama shilingi 210. Ukiisikiliza moja kwa moja kila jioni kwa siku 30, umekula zaidi ya GB 3, yaani shilingi 6,400 kwa albamu moja, tena umesikiliza na matangazo juu. Bando likikata katikati ya wimbo na simu ikahamia kwenye salio la kawaida, albamu ile ile inagonga shilingi 950 kwa mara moja tu.

Hapo sijataja video. Watu wengi husikiliza muziki kwenye video, simu ikiwa imelala kifudifudi mezani. Video ya ubora wa chini hula mara mbili ya sauti peke yake, na ile ya HD hula mara nane au zaidi. Picha ambayo huitazami unailipia.

Sasa linganisha. Fungua programu, soma ada ya mwezi kwa shilingi. Ikiwa chini ya ile 6,400 na wewe ni msikilizaji wa kila siku, lipa. Ikiwa juu, tafuta programu inayouza usajili wa siku au wiki na kupokea malipo kwa simu, maana zipo. Zile zinazodai kadi ya benki zina mambo yao: mara nyingi bei iko kwa dola, kiwango cha kubadilisha fedha hukichagua wao, na kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwa simu huweza kubaki na vijisalio visivyotumika. Mbaya zaidi ni kujirudia kwa malipo. Mwezi wa pili unakatwa ukiwa shambani, hujasikiliza hata wimbo mmoja. Zima kipengele hicho siku ile ile unayojiunga.

Ujue pia kwamba umekodi, hujanunua. Usajili ukiisha, nyimbo ulizopakua ndani ya programu zinafungwa. Baadhi ya programu hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinafuta vilivyopakuliwa. Kwa mtu wa Mbinga mjini hilo si kitu. Kwa mvuvi wa kijiji ambacho mtandao hupatikana juu ya kilima tu, ni sababu ya kutosha kuikataa programu hiyo.

Kuna mitego mitatu ya bando. Bando la usiku ni rahisi, lakini linakufa alfajiri. Bando la "mitandao ya kijamii" halipakui nyimbo kwenye programu ya muziki, hata liwe na GB ngapi. Halafu simu yenyewe: zima masasisho ya programu kabla ya kuwasha data, maana yanaweza kumaliza GB nzima kabla wimbo wa kwanza haujashuka.

Wa mwambao wana mtego wa nne. Ng'ambo ya Mbamba Bay ni Nkhata Bay ya Malawi, na kusini kidogo tu unaingia Msumbiji. Simu ikidaka mnara wa jirani huku data ya ugenini imewashwa, hesabu zote za hapo juu hazina maana tena. Ingia kwenye mipangilio, uizime, na uchague mtandao wako kwa mkono.

Sasa kibanda. Kwa mwenye kitochi hakuna njia nyepesi zaidi, na nitasema wazi inavyokuwa: nyimbo hizo kwa kawaida hazina leseni, mwimbaji hapati hata senti, na sheria ya hakimiliki, ambayo COSOTA ipo kuisimamia, haiko upande wa kijana mwenye kompyuta. Njia halali ya kupata faili lako mwenyewe ni kulinunua kwenye duka la mtandaoni, ambako albamu huuzwa kama dola 10, zaidi ya shilingi 20,000, na bado unahitaji kadi. Najua watakaochagua njia hiyo ni wachache. Ninachoomba ni kwamba ukienda kibandani usiibiwe na wewe.

Ukimwambia kijana wa kibandani "kaka, nijazie kantri," atakujazia. Utapata Jim Reeves mara nne katika mikusanyiko minne tofauti, nyimbo zilizokatika mwishoni, na nyimbo za injili za watu wengine zilizopewa jina lake. Andika majina ya albamu kwenye karatasi. Uliza kama bei ni kwa wimbo au kwa kadi nzima, kwa sababu jibu hilo linabadilisha albamu ya kuchagua.

Mfano: tuseme anadai shilingi 200 kwa wimbo. *One Thing at a Time* ya Morgan Wallen, ya mwaka 2023, ina nyimbo 36, hiyo ni shilingi 7,200. Albamu yake ya 2025, *I'm the Problem*, ina 37. *Cowboy Carter* ya Beyoncé, ya Machi 2024, ina vipande 27, na baadhi yake ni maongezi mafupi: sauti ya Willie Nelson kama mtangazaji wa redio, Dolly Parton akisalimia. Yanapendeza ukisikiliza mfululizo. Ukilipia kwa wimbo, unatoa shilingi 200 kwa salamu. Kwa bei ya kadi nzima, chukua yote. Kwa bei ya wimbo, chagua sita au saba.

Kuhusu *Cowboy Carter* mashabiki hawajamaliza kubishana. Wapo wanaosema si kantri kabisa. Februari 2025 ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka na ile ya albamu bora ya kantri, na hilo likaongeza ubishi badala ya kuumaliza. Binafsi naona nusu yake ni kantri safi na nusu ni majaribio ya studio. Anayekuambia kwamba muziki ukichanganywa na wa wengine unapoteza asili, mkumbushe mganda unaochezwa pande zote mbili za ziwa hili. Ngoma na vibuyu vinavyopulizwa kama tarumbeta viliiga bendi na gwaride za askari wa wakoloni, na leo hakuna Mnyasa atakayekubali uuite wa kigeni.

Albamu ambayo ningeanza nayo kwa pesa kidogo ni *Fathers & Sons* ya Luke Combs, iliyotoka Juni 2024. Nyimbo 12, zote kuhusu baba na mtoto, ala chache, gitaa liko mbele. Kwa bei yetu ya mfano ni shilingi 2,400. Ina faida nyingine ambayo wachambuzi hawaitaji: haina besi nzito, kwa hiyo redio ndogo ya mkononi inaitoa vizuri. Mpenzi wa Don Williams ataielewa siku ya kwanza.

*Passage du Désir* ya Julai 2024, aliyoitoa Sturgill Simpson kwa jina la Johnny Blue Skies, ina nyimbo nane tu. Ni ya bei ndogo kuliko zote hapa, shilingi 1,600, lakini inakwenda taratibu na wengine wataiona inasinzia. Isikilize kwanza kwa mwenzako.

*Higher* ya Chris Stapleton (Novemba 2023) na *Whirlwind* ya Lainey Wilson (Agosti 2024) zina nyimbo 14 kila moja. Stapleton ni sauti: analia kama mtu wa bluzi, na spika mbovu itamharibu. Wilson ana kasi na maneno ya mwanamke anayejua anachokitaka. Nikilazimishwa kuchagua moja ya kusikilizwa na nyumba nzima, namchukua Wilson.

Shaboozey, Mmarekani mwenye wazazi kutoka Nigeria, alikaa wiki 19 namba moja Marekani mwaka 2024 na wimbo mmoja wa baa. Vijana wanamdai kila kibanda. Chukua wimbo huo na mwingine mmoja au wawili. Albamu nzima isubiri.

Usisahau karibu na nyumbani. Nairobi kuna Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, ambaye amejijengea jina kwa kuimba kantri ya kizamani, na Esther Konkara naye anaimba kantri kwa mtindo wake. Kazi zao utazikuta zaidi kwenye video kuliko kwenye albamu za kupakua. Kwa hiyo watafute kwa bando, upime kama unawapenda, kabla ya kuagiza chochote.

Kwa wanaobaki na waimbaji wa zamani, tahadhari moja kubwa ni mikusanyiko ya "nyimbo 50 bora". Jim Reeves alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964, na bado nyimbo "mpya" zake ziliendelea kutoka kwa miaka mingi, nyingine zikiwa sauti yake ya zamani iliyowekewa ala na watu wengine. Kenny Rogers alizirekodi upya baadhi ya nyimbo zake, na mikusanyiko ya bei rahisi hupenda kubeba matoleo hayo ya baadaye. Ukisikia wimbo unaoujua lakini moyo hauitikii, huenda sababu ni hiyo. Omba albamu yenyewe kwa jina na mwaka: *The Gambler* ya Kenny Rogers ya 1978, *I Believe in You* ya Don Williams ya 1980, *Coat of Many Colors* ya Dolly Parton ya 1971. Kwa Krismasi kuna *Twelve Songs of Christmas* ya Jim Reeves, ya 1963. Nyimbo 12, nayo inatosha.

CD siizungumzii sana. Ya kuagiza nje ina nauli na huenda na kodi, ya kuchomwa mtaani haidumu, na lenzi ya deki haipendi vumbi la kiangazi. Kama unazo za zamani, zitunze. Mpya usinunue.

Memori kadi ndiyo inayostahili umakini. GB 8 hubeba albamu zaidi ya 70 za sauti safi, kwa hiyo mwenye kitochi hahitaji GB 64. Redio na vitochi vingi havisomi zaidi ya GB 32, hivyo kadi kubwa inaweza kuwa hasara tupu. Kadi bandia huandikwa GB 32 na kubeba 4, na zilizozidi zinapotea bila taarifa. Kipimo ni rahisi: mwambie ajaze kadi hadi mwisho mbele yako, kisha cheza nyimbo za kwanza na za mwisho kuingia. Zikiimba zote, lipa. Hakikisha pia nyimbo ni MP3, kwa sababu redio ndogo nyingi hazisomi aina nyingine.

Cha kuchezea, anza na ulichonacho. Kitochi chenye tundu la kadi ni redio tosha kwa mtu mmoja. Ukinunua redio ndogo, chagua inayotumia betri ile ile ya kitochi. Zinabadilishana, zinapatikana hadi vijijini, na wavuvi wa usipa wanaokesha ziwani hubeba mbili. Epuka ile yenye betri iliyoshonewa ndani, maana betri ikifa redio imekufa nayo. Mwenye sola ya kulipia kidogo kidogo akumbuke kwamba siku asipolipa, taa na muziki vinazimika pamoja.

Sabufa isubiri fedha za kahawa. Ukifika dukani, iwe Mbinga au Songea, usikubali kuijaribu kwa flashi ya muuzaji. Flashi hiyo imejaa nyimbo za besi zinazotikisa kaunta, na kwa nyimbo hizo kila sabufa ni nzuri. Nenda na kadi yako, weka Don Williams, punguza besi hadi chini kabisa, usikilize kama maneno yanasikika. Halafu uliza kama fyuzi na rimoti vinauzwa peke yake, na uandikiwe risiti yenye tarehe.